Dijei, Anasema Nini?

Alinitambua kwa sauti.

Nilikuwa Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, napatana bei ya gunia la dagaa. Mwenye biashara ni mke wangu. Mimi siku hiyo nilitumwa tu. Lori lililokuwa likipakia mzigo wa Kongo liliwasha injini karibu yetu, ikanibidi nipaze sauti ili muuzaji anisikie. Mwanamume mmoja aliyeketi juu ya rundo la nyavu akatega sikio upande wangu, macho yakiwa bado chini, kama fundi anayesikiliza mashine ili ajue kinachogonga ni nini.

“Sema tena,” akasema.

“Niseme nini, kaka?”

“Dijei!” Akasimama. “Wewe ni Dijei wa banda la video. Sauti hiyo nitaisahau vipi?”

Ni kweli, nilikuwa dijei. Kuanzia 1996 hadi 2001 nilishika maiki katika banda moja la video hapohapo Kirumba, nikitafsiri filamu kwa kiingilio cha shilingi hamsini mchana na mia usiku. Yeye sikumtambua. Bandani kulikuwa na giza. Wao waliijua sauti yangu, mimi niliwajua kwa moto wa sigara zao.

Tukasalimiana kwa Kisukuma, tukaulizana habari za watoto. Kisha akawageukia vijana wawili waliokuwa wakishona nyavu naye, akanishika bega.

“Huyu ndiye mwalimu wangu wa mambo ya wanawake,” akawaambia. “Alitufundisha usiku mmoja: mwanamke haulizwi, anasomwa. Akinyamaza, amekubali. Nimeishi na neno hilo miaka yote. Na kijana wangu nilipomwozesha juzijuzi hapa, nilimvuta pembeni nikampa lilelile.”

Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikalipia gunia, nikatafuta mtu wa mkokoteni, nikaaga.

Sikuwa nimefika barabara kuu kicheko kikanikauka mdomoni.

Maneno yale niliyatunga mimi. Hakuna mwanamke aliyeyasema, wala kwenye ile filamu wala nje yake. Wiki saba zimepita na bado nikiwasha maiki kwa kazi yangu ya sasa ya kurekodi matangazo ya magari ya promosheni, nayasikia kabla sijasikia ya kwangu.

Kazi ya kusoma nyuso

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa banda la video lilikuwaje. Televisheni huku bara ilichelewa, sinema zenyewe zilikuwa zinakufa, na deki moja na jenereta moja viliweza kulisha mtaa mzima. Ninachotaka kueleza ni kazi yangu, kwa sababu watu waliamini natafsiri, na kwa sehemu kubwa sikuwa natafsiri.

Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne. Filamu ya Kimarekani nilishika labda theluthi ya maneno. Ya Kihindi na ya Kichina sikushika neno hata moja. Nilichosoma ni nyuso. Steringi akikunja taya na kutazama mbali, ameapa kulipa kisasi. Mama akishika pindo la sari mdomoni, kuna mtoto aliyezaliwa kwa siri. Adui akicheka peke yake, kesho yake atachoma nyumba. Nikiona hivyo nasema, na watu wakiona moto unawaka kweli wanapiga mabenchi kwa furaha: “Dijei noma!”

Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu uhodari wenyewe ndio unaonisumbua leo. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa aliwahi kusimama mlangoni mwetu jioni nzima akisikiliza. Mwishoni akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hadithi niliyoisimulia siyo iliyokuwa kwenye mkanda, ila yangu nayo ni nzuri na angependa siku moja kujua inaishaje.

Nilitoka hapo nikiwa mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka 20 na nimeambiwa na mwenye lugha yake kwamba uongo wangu unafaa kuliko kimya.

Ng’ambo ya ziwa, Kampala, wenzetu waliitwa vijei. Dar alikuwepo Lufufu, ambaye wote tulimheshimu, na ambaye mikanda yenye sauti yake ilikuja kuenea nchi nzima. Kila mmoja aliongeza chumvi yake. Mtu akiongeza chumvi kwenye filamu ya kung-fu, anamdhuru nani? Hilo swali nilikuwa na jibu lake tayari, na jibu lilikuwa hakuna.

Usiku wa mbalamwezi

Mvuvi wa dagaa anafanya kazi gizani. Taa ya karabai ndiyo inayowavuta dagaa, na mwezi ukijaa ziwa lote linakuwa taa, hivyo karabai haina nguvu. Siku hizo wavuvi hupumzika. Wanatoka visiwani, Kome, Maisome, Ukerewe, wanakuja mjini na fedha ya wiki tatu mfukoni.

Mwenye banda alikuwa na kalenda yenye alama za mwezi ukutani kwake.

Ilikuwa 1999, mwaka ambao Ulaya ilifunga tena mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, na viwanda vya minofu ya sangara vikabaki vinapiga miayo. Vijana waliozoea hela ya sangara walikuwa wanakopa unga. Dagaa hawakwenda Ulaya. Dagaa walikwenda Kongo, Rwanda na Burundi, na Kongo haikufunga mlango. Kwa hiyo mwaka huo wenye hela walikuwa watu wa karabai, na mwenye banda aliwaandalia kitu cha kuwatoa hela hiyo.

Mkanda wa X. Kiingilio shilingi mia tatu, kuanzia saa tano usiku.

Haukuwa halali. Sheria ya filamu ya 1976 inataka kila filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa watu, na ule haukukaguliwa na yeyote. Sauti ilipunguzwa kabisa ili majirani wasikie jenereta tu. Mwenye banda alisimama mlangoni na tochi, anammulika kila aingiaye usoni, mwenye sura ya mtoto anarudishwa. Mimi nikaambiwa nikae palepale kwenye stuli yangu na maiki, nitafsiri.

“Hawa si wanazungumza kidogo sana?” niliuliza.

“Kazi kwako,” akasema.

Sitasimulia yaliyoonekana. Nitasimulia umbo lake, kwa sababu umbo ndilo lililoniletea taabu. Filamu ilianza na mwanamke mtu mzima amelala kwenye kitanda cha hospitali, nyaya zimebandikwa kwenye paji la uso. Wataalamu wawili wenye makoti meupe wamekaa mbele ya skrini. Hapo kulikuwa na maneno na niliyaweza: huyu dada anasumbuliwa na ndoto, wataalamu wana mashine ya kuziona, sasa wanaiwasha.

Halafu zikaja ndoto zenyewe, moja baada ya nyingine, na maneno yakakatika.

Pazia jeupe linapepea dirishani. Watu wamevaa vinyago vya dhahabu wanashuka ngazi. Maji ya buluu, na mtu anatembea pembeni yake taratibu, kama anayetembea chini ya ziwa. Kila ndoto ina rangi yake na mwanga wake. Steringi hakuna, adui hakuna, na kisa cha kuunganisha ndoto ya kwanza na ya pili hakuna pia. Wakati wa mapenzi ulipofika, nao ulikuja hivyohivyo, polepole, kama picha za kuchorwa.

Nilikaa kimya. Dakika kumi, labda zaidi. Na wao walikaa kimya.

Nimeshika maiki miaka mitano na sijapata kuona kimya kama kile. Wanaume sitini hivi, wengine baba za watu, wengine wametoka majini asubuhi ileile, hakuna aliyepiga mluzi, hakuna aliyetania. Nadhani walitarajia kitu cha kuchekea, wakakuta wameingia chumbani kwa mtu.

Ndipo sauti moja ikatoka nyuma, ndogo, karibu ya kuomba.

“Dijei, anasema nini?”

Jibu la kweli lilikuwa maneno mawili: hasemi kitu.

Lakini tochi ya mwenye banda ilinimulika kifuani mara mbili, maana yake sema, watu wamelipa. Kwenye skrini mwanamke wa gauni jeupe alikuwa amesimama karibu na dirisha. Mwanamume alikuwa amemkaribia. Mwanamke akageuza uso pembeni, akafumba macho, akabaki hivyo kwa muda mrefu sana. Uso ule nikautazama kama nilivyotazama nyuso zote nilizowahi kuzisemea, na kwa mara ya kwanza haukuniambia lolote. Huenda alikuwa na furaha. Huenda alichoka. Huenda taa za wapiga picha zilimuumiza macho.

Nikaweka maiki mdomoni.

“Anasema: usiniulize. Mwanamke haulizwi, anasomwa. Nikinyamaza, nimekubali.”

Banda likalipuka. Mabenchi yakapigwa, mtu akapiga mluzi, hewa ikarudi. Kilichokuwa kimewabana kikaachia. Na mimi nikaachiwa pia, nikasema na kwenye ndoto iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mkanda ukaisha na hakuna kipande kilichobaki na kimya chake.

Ukoo wa filamu zile

Wiki hizi saba nimesoma habari za filamu za namna ile, kwa kuwa nilitaka kujua nilikuwa nimesimama mbele ya kitu gani.

Ni ukoo wenye historia. Kule Marekani mwaka 1981 ilitoka moja iitwayo Nightdreams: mwanamke amefungiwa maabara, wanasayansi wawili wanamtazama kupitia kioo na kumpitishia umeme ili aote. Mwaka 1989 Andrew Blake akatoa Night Trips, yenye mwanamke aliyeunganishwa na mashine ya kuonyesha njozi zake kwenye skrini. Hiyo ilipelekwa tamasha la filamu la Houston ikatoka na medali ya fedha, jambo ambalo filamu za ngono hazikulizoea. Blake alijulikana kwa kupunguza mazungumzo na kuachia muziki na mwanga kazi yote, kama mpiga picha wa magazeti ya mitindo. Hayo yalikuja wakati wenzake wengi walikuwa wamehamia kwenye mikanda ya video ya haraka na ya bei rahisi, ambayo haikujali hata kama ukuta wa nyuma una ufa.

Nimeelewa kwa nini waliipenda hadithi ya mashine. Ndoto haidaiwi kisa. Ukishamlaza mtu na kumbandika nyaya, unaweza kupeleka kamera popote na hakuna atakayeuliza tumefikaje hapa. Kwa fundi wa filamu hilo ni suluhisho zuri.

Na uzuri ulikuwepo. Nitaandika hivyo ingawa najua baadhi ya wazee wa kanisani kwangu wanasoma blogu hii. Usiku ule kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba mwanamke ana njozi zake, kwamba mambo hayo hayapo kichwani mwa wanaume tu. Sikuwa nimelelewa kufikiri hivyo. Kama mkanda ule ungeniacha hapo tu, nikiwa nimekaa gizani na fikra hiyo mpya, ungekuwa umenifanyia jambo jema.

Lakini tazama mpangilio wake. Mwanamke amelala, macho yamefumbwa. Mashine inamsoma. Wataalamu wanaisoma mashine. Nyuma yao kuna mwenye kamera, aliyeamua kwamba mwanamke huyu anaota vinyago vya dhahabu na mapazia meupe. Njozi zinaitwa zake, na yeye ndiye mtu pekee chumbani asiyeulizwa.

Nyuma ya wote hao, Kirumba, kwenye stuli, na mimi.

Wale wa Marekani walimwachia kimya chake. Mimi hata hicho nilimnyang’anya.

Kujitetea

Nimejitetea sana, usiku hasa.

Nimejiambia kwamba sikuanzisha mimi. “Kimya ni jibu” niliukuta. Wajomba zangu walisema hivyo, kwenye posa walisema hivyo, msichana akiinamisha kichwa na kuchora chini kwa kidole cha mguu watu walipiga vigelegele. Mimi nilichofanya ni kuokota neno lililokuwa njiani.

Nimejiambia kwamba wale walikuwa watu wazima na wanajua filamu ni filamu. Hakuna aliyetoka kwenye mkanda wa Kichina akajaribu kuruka juu ya paa.

Huu wa pili ndio ulionishinda kabisa. Kwa sababu kurukia paa mtu anajaribu mara moja, anavunjika mguu, anajua kwamba Dijei alidanganya. Lakini mtu akiamini kwamba mke haulizwi, ataujuaje uongo? Hakuna wa kumwambia. Anayeweza kumwambia ndiye aliyeamriwa asiulizwe.

Na ule wa kwanza nao, nikiutazama vizuri, haunisaidii. Mjomba akisema neno, linabaki ni la mjomba, unaweza kulikataa ukikua. Mimi nililisema kwa sauti ya mwanamke. Wanaume sitini walisikia, kutoka kwake mwenyewe, kwamba hataki kuulizwa. Nani angebisha?

Leo vijana hawahitaji banda wala tochi mlangoni. Kuna sheria ya makosa ya mtandao tangu 2015, na bado simu ya elfu themanini ina zaidi ya deki zote za Kirumba ya zamani. Wanatazama peke yao, bila dijei. Sina hakika kama hilo ni afadhali. Nadhani kila mmoja sasa ni dijei wa kichwa chake.

Hesabu

Wiki ya tatu nikamwambia mke wangu. Sikujua nitaanzia wapi, nikaanzia Mwaloni, kwenye gunia. Tulikuwa uani, yeye anapepeta dagaa kutoa mchanga, na aliendelea kupepeta nilipofika kwenye mkanda, akaendelea nilipofika kwenye maneno. Aliponiuliza swali hakuinua uso.

“Na mimi ulinisoma?”

Nilifikiri anazungumzia chumbani. Nikaanza kujibu kwa aibu, nikijikanyaga. Akanikatiza.

“Nakuuliza Geita.”

Mwaka 2005 nilipata kazi ya stoo Geita, kwa mkandarasi mdogo wa migodini. Nilirudi jioni na habari hiyo, nikamwambia tunahama mwisho wa mwezi. Alikuwa anasonga ugali. Hakusema kitu. Nilimtazama usoni, nikaona mwanamke aliyefurahi kimyakimya kwamba mume amepata kazi, na kesho yake nikaenda kutafuta gari la mizigo. Tulikaa Geita miaka miwili. Hiyo ndiyo hadithi ya Geita kama nilivyokuwa nikiisimulia siku zote, na watoto wanaijua hivyo.

“Nilikuwa nahesabu,” akasema. “Mtoto wa kwanza alikuwa amebakiza muhula mmoja amalize darasa. Mama yangu alikuwa ameanza kuumwa miguu. Nilikuwa na wateja kumi na moja wa dagaa walionilipa kila Jumamosi, na wawili walikuwa na deni langu. Nilikuwa nayaweka yote hayo kwenye mizani ili nikupe jibu. Sijamaliza hesabu, nikaona umefunga magodoro kwa kamba.”

“Mbona hukusema?”

“Ungeuliza ningesema.”

Akamwaga pumba pembeni, akachota dagaa wengine.

“Na ukimya si mmoja,” akasema baadaye, kama anayejisemea. “Kuna wa kuhesabu. Kuna wa hasira. Kuna wa raha pia, usidhani hakuna. Vyote vina sura moja ukivitazama kutoka kwa mwanamume.”

Tumeoana miaka ishirini na mitano. Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi kuliko nilivyokaa na filamu yoyote.

Kuna jambo jingine lilinijia usiku ule, na ndilo lililonifanya nione haya zaidi kuliko yote. Mama yake alifariki tukiwa Geita. Tulifika Mwanza siku ya pili ya msiba. Pale msibani hakuniambia kitu kabisa, na mimi nikamsoma, nikaamua ni majonzi tu.

Sijamuuliza bado kuhusu hilo. Nitamuuliza. Namtafutia siku ambayo hana kazi mikononi, ili akitaka kunyamaza anyamaze, na mimi nikae hapo nisiondoke kufunga magodoro.

Kayenze

Juma lililopita nilimtafuta yule mvuvi. Mwaloni wakaniambia amehamishia mtumbwi Kayenze, nikapanda daladala.

Nilimkuta mwaloni kule anaziba nyufa za mtumbwi kwa pamba na patasi. Akafurahi kuniona, akaagiza kijana alete chai. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani. Nilipokaa kwenye ukingo wa mtumbwi ikapotea yote, nikasema tu:

“Kaka, ule mkanda. Yule mwanamke hakusema yale maneno.”

“Najua hakuyasema kwa Kiswahili.”

“Hakuyasema kwa lugha yoyote. Hakusema kitu. Nilitunga mimi kwa sababu mliniuliza na sikuwa na jibu.”

Aliendelea kugonga patasi. Mara tatu, mara nne. Akaweka pamba nyingine kwenye ufa, akaikandamiza kwa kidole gumba, akagonga tena. Nikafikiri hajanielewa, au amenielewa na amekasirika. Kazi ya zamani ikaniamkia, nikaanza kumsoma uso, taya, mishipa ya shingo. Nikajizuia. Nikatazama majini.

“Mimi ndiye niliyeuliza,” akasema hatimaye.

“Uliuliza nini?”

“Usiku ule. ‘Dijei, anasema nini?’ Ile sauti ya nyuma ilikuwa yangu.” Akafuta patasi kwenye suruali. “Nilikuwa nimeoa miezi miwili. Mke wangu alikuwa kisiwani. Alikuwa ananigeuzia uso vilevile kama yule wa kwenye mkanda, na sikujua maana yake. Nikasema labda huyu Dijei anayejua lugha zote ataniambia.”

Chai ikaja. Hakuna aliyeigusa.

Nilitaka kumwambia pole, na neno likawa dogo mno, nikaliacha. Mke wake wa wakati ule, nilijua kutoka Mwaloni tulipoulizana habari, aliondoka mwaka wa tatu. Aliniambia hivyo kwa wepesi siku ile, kama mtu anayetaja mtumbwi aliouuza. Siku hii hakumtaja tena.

“Sasa wale madaktari,” akasema, “wale wenye makoti. Nao hawakumuuliza?”

“Walimbandika nyaya. Wakasoma mashine.”

“Na alikuwa amelala hapohapo mbele yao.”

“Hapohapo.”

Akatikisa kichwa. Akachukua kikombe, akakishika bila kunywa, akatazama upande wa visiwa, ambako ukungu ulikuwa haujainuka.

“Kijana wangu yuko Kome,” akasema. “Simu huko inashika ukipanda jiwe tu. Na hili si la kwenye simu.” Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. “Mwezi unajaa Alhamisi ijayo. Watakuja wote. Njoo nawe, Dijei. Umwambie wewe kwa sauti hiyohiyo.”

Nimemwambia nitakuja.